Kiti cha Kigali na Sponji ya Shangazi

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Nafasi moja! Imebaki nafasi moja tu, na ni yangu. Wenzangu hawajajua bado.

Sostenes, mwenye duka la spea za baiskeli hapa Segese, amekodi Coaster ya kwenda Kigali kuangalia mashindano ya dunia ya baiskeli. Ya dunia! Mara ya kwanza kufanyika Afrika! Na si mbali: unafika Kahama, unafuata malori ya Rusumo, unavuka mpaka. Viti vyote vimechukuliwa na wateja wake wakubwa, ambao nina hakika wanakwenda kununua nguo. Kiti cha mwisho, kile cha nyuma juu ya tairi, amekiweka zawadi kwa mwanamke atakayeshinda mbio za Segese, Jumapili ya tarehe 14. Nauli, malazi, chakula, vyote juu yake. Yeye anataka kuuza baiskeli kwa wanawake. Mimi nataka kiti.

Nafuata mbio za kulipwa tangu mwaka wa pili chuoni Dodoma. Najua nani alianguka kwenye mlima gani na cheni ya nani ilikatika akiwa anaongoza. Nimetazama mbio nzima nikiwa nimejifunika shuka, nikinong'ona "chomoka, chomoka sasa!" mpaka mwenzangu wa chumba akaomba kuhamishwa. Hati yangu ya kusafiria ilitoka Mei. Iko ndani ya nailoni, chini ya godoro. Kilichokosekana ni njia. Shangazi yangu, Mama Januari, ninayeishi kwake na kumsaidia duka la vitenge, alishasema hawezi kutoa nauli ya kwenda kuangalia watu wakipita. Akasema watu wanapita hapa hapa dukani, bure.

Kasoro moja ndogo. Sijawahi kuendesha baiskeli mbali kuliko gulioni.

Si kitu. Wengi wanakanyaga. Wachache wanafikiri.

Jumanne, 2 Septemba

Vifaa. Mwendeshaji mpya hawezi kuanza bila helmeti, miwani, glovu, kaptula yenye sponji, viatu vinavyonasa kwenye pedeli, chupa ya maji, pampu na tyubu ya akiba. Nimesoma makala nyingi kuhusu jambo hili na zote zinakubaliana. Nilichonacho ni pampu. Ya jirani.

Baiskeli ipo. Ni ya marehemu mume wa Shangazi: chuma kitupu, keria pana ya kubebea gunia, kengele inayolia yenyewe kwenye mashimo. Shangazi kasema nichukue, ila nikiivunja ataniozesha kwa fundi baiskeli ili hasara ibaki ndani ya ukoo.

Helmeti nimeipata kwa Januari, binamu yangu, mchimbaji. Ni ile anayoshukia duarani, yaani shimoni kwenye dhahabu, ina taa mbele. Taa haitoki, imefungwa kwa nati zilizoshika kutu. Januari anasema imemkinga na mawe, haitashindwa na upepo. Miwani nimeazima kwa fundi wa kuchomelea. Nyeusi kabisa. Ukiivaa mchana huoni kitu ila jua lenyewe, kama sarafu.

Nikatoka nayo kwa majaribio. Nikagonga benchi la duka la dawa.

Na nani alikuwa kwenye benchi? Bhoke. Bhoke wa Tarime, muuza dawa, niliyesoma naye bweni moja sekondari na ambaye tangu nimfahamu hajawahi kunong'ona. Ana helmeti halisi. Ana glovu. Ana kaptula. Vyote vimetoka Mwanza, vyote rangi ya waridi. Akauliza, kwa sauti ya kusikika hadi stendi, kama mimi nakwenda mbio au nashuka duarani. Wagonjwa waliokuwa wanasubiri dawa walicheka. Hata mwenye kikohozi.

Naye anataka kiti! Kasema anataka kupiga picha na watu wa Ulaya. Hajui hata jina la mmoja wao.

Jumatano, 3 Septemba

Siwezi kukaa. Nimeendesha mpaka shule ya msingi na kurudi, na siti ya marehemu imenifanyia jambo ambalo siwezi kuliandika hata humu.

Sponji inahitajika leo. Madukani hakuna. Sebuleni ipo.

Shangazi ana seti ya sofa, fahari ya nyumba. Kile kiti cha pembeni hakikaliwi na mtu ila mgeni wa heshima, na wageni wa heshima hatuwapati kila siku. Nimefungua mshono wa chini kwa wembe, taratibu, kama daktari wa upasuaji. Nimechukua sponji kiasi. Kisha nikachukua na iliyobaki, maana kaptula ina pande mbili. Mahali pake nimeweka boksi la biskuti. Kitambaa kimerudi juu, kimekaa vizuri. Hakuna anayeweza kutambua.

Kaptula iko tayari. Natembea kama bata. Lakini nakaa kama malkia.

Alhamisi, 4 Septemba

Leo nimefanya jambo la akili kubwa.

Watu wasiojua hudhani mbio za baiskeli ni za mtu mmoja mmoja. Hapana! Ni timu. Anayeendesha mbele anakata upepo, anayemfuata nyuma anapumzika. Kila timu ina kiongozi mmoja, na wengine kazi yao ni kumkatia upepo mpaka karibu na mwisho. Hapo yeye, akiwa bado na nguvu zake zote, anachomoka na kushinda. Wasaidizi wanafika baadaye, wamechoka, wanafurahi.

Kwa hiyo nahitaji wasaidizi. Wenye miguu. Na ninajua miguu ilipo.

Kuna Esta, Mariana na Mwanaima, wale wanaopita dukani kila asubuhi na baiskeli, majembe yamefungwa kwenye keria. Wana kikundi cha kulima kwa zamu: leo wote shambani kwa huyu, kesho wote kwa yule. Esta ni mrefu, mpole, haongei sana. Mariana anaongea kwa niaba yake. Mwanaima anacheka kwa niaba ya wote.

Nimewaeleza. Nilichora mavumbini. Wakasikiliza. Nilikuwa nimejiandaa kurudia mara nyingi, maana Dodoma nilieleza mwaka mzima na hakuna aliyeelewa. Esta akasema tu: "Ah. Kama kulima."

Kama kulima! Ndiyo! Wote wanamfanyia kazi mmoja! Nilitaka kumkumbatia.

Mariana akauliza, sasa nani wa kwanza, na nani anapanga. Swali zuri. Sikutaka kujitaja mwenyewe, ingeonekana tamaa. Nikasema kwa unyenyekevu kwamba mimi mgeni kwao, twende kwa utaratibu wao wa siku zote. Wakatazamana. Wakafurahi sana. Esta akasema wabeja, asante ya Kisukuma. Mwanaima akasema hawakutegemea msomi awe na adabu hivi.

Hakuna timu duniani iliyoundwa kwa amani kama hii.

Jumamosi, 6 Septemba

Mazoezi. Esta mbele, mimi nyuma yake, karibu na keria yake. Kumbe ni kweli! Nimekuwa nikiamini miaka yote bila kuhakikisha. Ukijificha nyuma ya mtu mrefu, upepo wa barabara ya Geita unakuwa habari unayosimuliwa.

Nikaonja nyuma ya lori la mchanga wa dhahabu. Kasi nzuri. Vumbi baya. Januari anasema nikikohoa kwenye karai tunaweza kupata kitu.

Wakati wa kurudi tulikuta ng'ombe wanavuka. Kundi zima, pembe kwa pembe. Nikawaeleza wenzangu kwamba hivi ndivyo kundi kubwa la waendeshaji linavyokwenda Ulaya, wamebanana, hakuna nafasi, na ukitaka kupita lazima uvizie pembeni. Nikavizia pembeni. Mchungaji wao alinifukuza kwa fimbo hadi mtoni.

Chakula cha njiani: wataalamu wana vitu vya kunyonya kwenye pakiti. Sisi tuna matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa. Yanakaa mfukoni, yana sukari, na adui hawezi kuomba kwa sababu hawezi kuona unatafuna nini. Bhoke alipita na chupa yake ya waridi akasema timu yetu inanuka kama jikoni.

Jumatatu, 8 Septemba

Msiba.

Sostenes alikuja nyumbani kumsalimia Shangazi na kuomba vitenge vya kumpa mshindi wa pili. Shikamoo, marahaba, habari za biashara. Mgeni wa heshima! Shangazi akamkaribisha kile kiti. Nikasema labda akae kile kingine, kina hewa. Shangazi akanikata jicho. Sostenes ni mtu mzito, wa kukaa kwa mkupuo.

Boksi la biskuti lililia. Yeye pia. Akazama mpaka magoti yakawa usawa wa kidevu, na chini kulikuwa na msumari ambao kwa kweli si mimi niliyeuweka.

Tulimvuta watu wawili. Alisema hakuna neno, hakuna neno, akanywa chai akiwa amesimama, akaondoka akitembea kama mimi.

Shangazi akalitazama boksi. Akatazama kamba ambako kaptula yangu ilikuwa imeanikwa. Kisha akasema kama nimeamua kukalia heshima yake, basi niishindie. Nikikosa hicho kiti cha Kigali, kile cha sebuleni ndicho kitakuwa changu, kama kilivyo, bila sponji, na kila mgeni akija nitakaa hapo nimwonyeshe.

Sasa hakuna kurudi nyuma.

Alhamisi, 11 Septemba

Haiwezekani!

Baada ya mazoezi leo Mariana akasema, kama mtu anayesema mvua itachelewa, kwamba Esta aanze kuandaa nguo za safari. Nikauliza safari gani. Mariana akasema ya Kigali, si ndiye wa kwanza?

Wa kwanza nani?

Kumbe walipiga kura siku ile ile! Kwa mabua ya mahindi. Esta wa kwanza, Mariana wa pili, Mwanaima wa tatu. Mbio hizi wote tunamkatia Esta upepo. Zitakazokuja, Mariana. Zile za baadaye, Mwanaima. Mimi wa nne. Nikauliza kwa nini bua langu halikuvutwa. Wakanishangaa kwa upole, kama mtoto aliyeuliza kwa nini maji yanalowesha. Mariana akanieleza kwamba aliyeitisha kikundi hapigiwi kura. Shamba lake hulimwa mwisho, siku zote. Angelimiwa kwanza angeshiba akawaacha wengine na majembe yao. "Bhebhe, wewe Kudra, si ulisema utaratibu wetu?"

Nilisema. Kwa unyenyekevu! Sitakuwa mnyenyekevu tena.

Nikamuuliza Esta yeye Kigali anakwenda kuangalia nini, hajui hata mwendeshaji mmoja. Akafikiri. Akasema tangu utoto, kila akienda Kahama, anayaona malori yanakwenda upande ule, na hajawahi kujua yanakoishia. Yeye mwisho wake ni Kahama.

Ni sababu nzuri. Imenikera sana.

Jumamosi, 13 Septemba

Nimetafakari. Nimejichunguza. Nimekuwa mkweli kwa nafsi yangu.

Nitamsaliti Esta.

Si usaliti hasa. Historia ya mbio za kulipwa imejaa wasaidizi waliojisikia wana nguvu kuliko viongozi wao wakachomoka, na leo wanaheshimiwa. Kila mtu anakumbuka mshindi. Hakuna anayekumbuka bua la mahindi. Zaidi ya hayo Esta hana hati ya kusafiria, hana hata jina moja la kushangilia, na atakaa kwenye kile kiti juu ya tairi akitazama malori. Mimi nitakitendea haki.

Mpango: nakubali kila kitu. Zamu ya mwisho ya kukata upepo, pale tunapoingia Segese, ni yangu, na Esta atakuwa nyuma yangu akisubiri nimwachie njia. Simwachii. Nachomoka.

Nimemnunulia Esta soda. Ameshukuru sana. Sikuweza kumaliza yangu.

Jumapili, 14 Septemba

Naandika kwa mkono wa kushoto. Nitaeleza kila kitu kwa utulivu, kama kilivyotokea, bila chuki na mtu. Bhoke ni shetani.

Asubuhi ilianza vizuri. Wanawake walijitokeza wengi, wengine na kanga kiunoni, mmoja na kuku hai kwenye keria kwa sababu akitoka hapo alikuwa anakwenda mnadani. Sostenes alikuwa na kipaza sauti. Alisimama muda wote. Tangu Jumatatu hajakaa.

Njia: Segese mpaka kibao cha Bugarama na kurudi. Mstari wa mwisho: mbele ya kituo cha mafuta.

Viatu vinavyonasa sikupata, kwa hiyo nilijifunga miguu kwenye pedeli kwa mipira ya tyubu, ile ya kufungia mizigo. Imara ajabu. Januari alinishikilia baiskeli mpaka filimbi ipigwe. Akauliza sasa nitashukaje. Nikamwambia mshindi hashuki, hushushwa na watu.

Bhoke alichomoka mapema, peke yake, waridi mtupu. Nikawaambia wenzangu acheni aende, atakutana na upepo. Akakutana nao! Tulimfikia baada ya kugeuka Bugarama, Mariana akiongoza, kisha Mwanaima, kisha mimi, kwa zamu, Esta nyuma yetu, kimya kimya, kama wanavyolima. Bhoke akajaribu kujibanza nyuma yetu. Mwanaima akamwambia kakate upepo wako wa Tarime. Sijawahi kuwa na furaha kama ile. Nilijua ninachokifanya. Kila nilichokitazama chini ya shuka miaka yote kilikuwa kweli, na nilikuwa ndani yake.

Tukaingia Segese. Mariana akatoka pembeni, amechoka. Mwanaima akatoka, anacheka. Nikabaki mimi mbele na Esta nyuma. Akasema kwa sauti ya chini: "Dada Kudra, sasa."

Nikachomoka.

Sikutazama nyuma. Nilikanyaga mpaka taa ya helmeti ikashuka puani. Mbele nikaona kitambaa kikubwa kimekatiza barabara, watu pande zote mbili, spika, kwaya, shangwe. Mstari wa mwisho! Nikapita chini yake. Nikaachia usukani, nikainua mikono yote miwili juu kama wanavyofanya Ulaya, nikafumba macho. Nililia kidogo.

Nilipofumbua nikasoma kitambaa kwa nyuma. MKUTANO MKUBWA WA INJILI. WOTE MNAKARIBISHWA.

Kituo cha mafuta kilikuwa mbele zaidi. Nilikiona vizuri. Lakini nilikuwa nimeacha kukanyaga, nimeacha kushika, na nimefungwa. Baiskeli ya chuma ikifikia hali hiyo haina mashauri. Ikalala. Nikalala nayo, mkono wa kulia chini.

Mhubiri akatangaza kwenye spika kwamba kuna binti ameinua mikono na kuanguka, msaidieni. Wamama wawili wa kwaya wakanirukia. Nikawaambia mimi Kudra, Mwislamu, mpwa wa Mama Januari wa vitenge, na niko mbioni. Wakasema wote tuko mbioni, binti, tulia. Mmoja alinishika kichwa. Mwingine alihangaika na mipira miguuni akisema nani amekufunga, mwanangu, nani amekufunga.

Kupitia chini ya kwapa lake niliona magurudumu. La Esta likapunguza mwendo. Nikasikia akiita jina langu. Nikasikia Mariana na Mwanaima wakipiga kelele kutoka mbali: "Esta, nenda! Zamu yako!" Likaenda. Kisha la Bhoke. Kisha la Mariana. Kisha la Mwanaima.

Kisha kuku.

Jumatatu, 15 Septemba

Bhoke ana picha, katumiwa na mtu wa mkutanoni. Mikono juu, macho yamefumba, kitambaa cha Injili juu ya kichwa changu. Ameituma kwenye kila kundi la WhatsApp kutoka hapa hadi Chato. Naitwa Bingwa wa Mkutano. Shangazi kapigiwa simu na ndugu wa Tabora wakiuliza kama nimebadili dini.

Leo amekuja mgeni. Nilikaa kwenye kiti changu. Nimeujua ule msumari.

Mkono haujavunjika, umeteguka tu. Jioni niliitwa nyumbani kwa Esta, mshindi wa kiti. Wakanipa michembe, viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, na karanga, wakanipa pole, ndipo wakaanza kesi. Nilijitetea vizuri. Nilisema niliongeza kasi ili kumkatia Esta upepo zaidi. Mariana akauliza ilikuwaje basi upepo wenyewe ulibaki na Esta na mimi nikaonekana kule kwa wahubiri. Mwanaima akacheka mpaka akatoka nje. Esta alinimenyea karanga, maana mkono wangu haushiki.

Hukumu: kwao anayekimbia zamu hufanya peke yake kazi ambayo wote wangefanya. Shamba la Esta lina miti ya pamba ya msimu uliopita, haijang'olewa. Nitaing'oa mimi, mkono ukipona. Wakati mwenyewe yuko Kigali.

Lakini ngoja. Esta hana hati ya kusafiria! Mpakani hawamjui kwa karanga. Na mimi yangu iko chini ya godoro. Kiti juu ya tairi hakiwezi kwenda tupu. Nimelala nikitabasamu, kwa ubavu wa kushoto.

Alhamisi, 18 Septemba

Sostenes kampeleka Esta Kahama, uhamiaji, jana. Wamerudi na hati ya dharura siku hiyo hiyo. Kwenye picha Esta anacheka. Hakuna mtu anayecheka kwenye picha ya hati!

Nilimpa hongera. Akaniuliza kule Kigali atazame nini hasa. Nilikusudia kumjibu kwa neno moja. Nikajikuta namweleza mpaka Shangazi akafunga duka.

Jumapili, 28 Septemba

Leo ndiyo siku. Mbio kubwa ya wanaume, kilele cha kila kitu, na mimi nilikuwa shambani kwa Esta naing'oa miti ya pamba. Mti wa pamba uliokauka hautoki ardhini ila kwa matusi. Nilivaa helmeti ya Januari kwa ajili ya jua. Bando la intaneti nilikuwa nalo. Mtandao haukuwepo, ila juu ya kichuguu. Kwa hiyo naing'oa miti, napanda kichuguu, natazama, nashuka, naing'oa.

Simu ikaita. Esta! Picha ikatokea: kilima cha mawe, watu kama siafu, na uso wa Esta karibu mno. Akasema ameyaona malori yanakokwenda. Hayaishii pale. Yanaendelea! Alisema hivyo kama mtu aliyeibiwa na kupewa zawadi kwa wakati mmoja. Kisha akasema wakimbiaji wamepita, wamepita kama nzige, fyuu, hakuona sura hata moja. Sasa wote wanarudi kwenye gari. Sostenes anasema imekwisha, wakawahi madukani.

Nilipiga ukunga. Wachungaji wa mbuzi upande wa pili wa mto walisimama. Nikasema msiondoke! Wanazunguka! Watarudi hapo hapo, na watarudi tena, na tena, na kilima hicho ndicho kitakachoamua! Rudi, Esta, mwite Sostenes, mwambie asiguse ule mlango wa gari!

Wakarudi. Sostenes akaweka simu yangu, yaani sauti yangu, kwenye kipaza sauti chake. Coaster nzima ikanisikiliza. Nikawa nasema kutoka kichuguuni: anayekuja mbele ni fulani, timu yake iko nyuma inamlinda, yule mwenye fulana chafu amemkatia mwenzake upepo tangu asubuhi, mtazameni, sasa anatoka pembeni, kazi yake imekwisha. Nikamsikia mwanamume mmoja akisema, kumbe huyu mchafu ndiye aliyefanya kazi! Wakampigia makofi. Watu wa Segese, Kigali, wakampigia makofi msaidizi! Sijui kama aliwasikia. Mimi niliwasikia. Nilikaa chini kwenye kichuguu.

Mwisho Esta akachukua simu akasema: "Dada Kudra, wabeja. Umenikatia upepo kutoka Segese."

Nilifuta macho. Vumbi.

Jioni nimerudi nyumbani, nimeoga, nimejitafakari kwa kina kama ninavyofanya siku zote, na nimepata funzo. Kosa halikuwa kuchomoka. Kosa lilikuwa kuwa mwitishaji. Aliyeitisha hulimiwa mwisho, sivyo? Basi kikundi kipya lazima kiitishwe na mtu mwingine. Mtu mwenye sauti. Mtu wa Tarime, asiyejua utaratibu wa huku.

Nimempelekea Bhoke ujumbe kwamba nimekubali yeye ni bora, na ingefaa yeye aunde timu ya mbio zijazo, mimi nitakuwa msaidizi wake mnyenyekevu. Amekubali papo hapo. Hakuuliza lolote! Maskini. Ameandika tu kwamba atawashirikisha kina Mariana, maana wanafahamu utaratibu.

Sina wasiwasi. Kilichobaki ni vifaa. Ile kaptula iliharibika siku ya Injili.

Shangazi amenunua sofa mpya leo, imetoka Kahama, bado ina nailoni. Amenionya nisiikaribie. Nimeikaribia. Nimebonyeza kidogo tu kwa kidole.

Sponji nene. Inarudi haraka sana.